Wasomaji Wanauliza: Kombe la Majirani la 1916, na Lenu la Mwaka Huu

Toleo lililopita tulitaja kwa aya moja mashindano ya mpira ya nchi nne za Amerika ya Kusini yaliyochezwa Buenos Aires, Argentina, Julai 1916. Barua zilizofuata hazikuwa za historia peke yake. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Juni hadi Agosti mahindi yameshavunwa, mvua hakuna, na karibu kila kata ina kombe lake, liwe la mbuzi, la ng'ombe au la seti ya jezi. Waandaaji wanataka kujua wale wa 1916 walipangaje mambo yao na nini kiliwaharibikia. Maswali ya ratiba, mamluki na watazamaji tumeyapa nafasi kubwa, maana hapo ndipo makombe mengi huvunjikia.

Shikamooni. Hapa kijiweni tumebishana wiki nzima: fainali ya 1916 ilikuwa kati ya nani na nani? – Kijana wa Tukuyu

Marahaba, kijana. Fainali haikuwapo. Timu zilikuwa nne, Argentina, Uruguay, Brazil na Chile, na kila moja ilicheza na kila mwenzake mara moja, kwa mtindo wa ligi. Jumla ni mechi sita. Ushindi ulikuwa pointi 2, sare pointi 1.

Uruguay iliifunga Chile 4–0, Argentina ikaifunga Chile 6–1, Brazil na Chile zikatoka 1–1, Argentina na Brazil nazo 1–1, kisha Uruguay ikaifunga Brazil 2–1. Ikabaki Argentina na Uruguay. Uruguay iliingia uwanjani ikiwa na pointi 4, Argentina 3, kwa hiyo sare iliitosha Uruguay. Matokeo yakawa 0–0. Uruguay bingwa kwa pointi 5, Argentina 4, Brazil 2, Chile 1. Wanaosema fainali wana sababu, kwa kuwa mechi ya mwisho ndiyo iliyoamua bingwa, ila kwenye ratiba haikuandikwa hivyo. Hata ukihesabu kwa pointi 3 za siku hizi, mpangilio haubadiliki: 7, 5, 2 na 1.

Kamwene! Hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya majirani duniani? Na sisi Afrika Mashariki tulianza lini? – Msomaji wa Iringa

Kamwene. Siyo ya kwanza. England, Scotland, Wales na Ireland zilianza kushindana kila mwaka tangu msimu wa 1883/84. Argentina na Uruguay, ambazo zimetenganishwa na mdomo wa mto tu, zilikuwa na Kombe la Lipton tangu 1905, lililotolewa na Thomas Lipton, yule mfanyabiashara wa majani ya chai. Kilichofanya 1916 iwe tofauti ni kwamba katikati ya mashindano, tarehe 9 Julai, siku Argentina ilipotimiza miaka 100 ya uhuru, wajumbe walianzisha shirikisho lao la soka la Amerika ya Kusini kwa pendekezo la Héctor Rivadavia Gómez wa Uruguay. Shirikisho hilo lipo mpaka leo, na mashindano yake ndiyo yanayoitwa Copa América.

Kwetu lilianza Kombe la Gossage mwaka 1926, miaka minne kabla ya Kombe la Dunia la kwanza. Lilidhaminiwa na William Gossage, kampuni ya sabuni ya Widnes, Uingereza. Mwanzoni zilikuwa Kenya na Uganda tu. Mechi ya kwanza Nairobi ilikuwa sare ya 1–1, ikarudiwa, Kenya ikashinda 2–1. Tanganyika iliingia 1945 na Zanzibar 1949. Tanganyika ilianza kwa kupigwa 7–0 na Uganda, lakini haikuchukua muda: ililitwaa kombe mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Mwaka 1967 likabadilishwa jina kuwa Chalenji, na kuanzia 1973 likawa la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Mtu akikuambia mpira wa mataifa ulianza kwetu baada ya uhuru, mpe tarehe hizo.

Tuna timu nne na wikendi tatu. Mwaka jana timu moja ililalamika kuwa imechezeshwa mara tatu ndani ya siku sita, ikagomea mechi ya mwisho. Wale wa 1916 walipangaje? – Katibu wa kamati ya mashindano, Vwawa

Walipanga vibaya, ndugu katibu, na tarehe zenyewe zinaonyesha. Mechi zilikuwa Julai 2 (Uruguay na Chile), 6 (Argentina na Chile), 8 (Brazil na Chile), 10 (Argentina na Brazil), 12 (Uruguay na Brazil) na 16 (Argentina na Uruguay). Fuatilia timu moja moja. Brazil ilicheza tarehe 8, 10 na 12, mechi tatu ndani ya siku tano, na enzi hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba kuingia. Uruguay ilicheza tarehe 2, ikapumzika siku tisa, ndipo ikakutana na Brazil iliyokuwa uwanjani juzi yake. Uruguay ilikuwa timu nzuri, hilo hatulipingi: ilifunga mabao 6 na kufungwa 1. Lakini Brazil ilikuwa imeongoza tangu dakika ya 8 kwa bao la mshambuliaji wake Friedenreich, na mabao mawili ya Uruguay yalikuja dakika ya 58 na ya 77, saa ambazo miguu iliyochoka ndiyo huanza kuchelewa.

Kosa lilikuwa kupanga mechi moja moja kwa siku. Timu nne hupangwa kwa raundi, ili wote wacheze siku moja na wapumzike sawa. Fanyeni droo hadharani kupata namba 1 hadi 4. Raundi ya kwanza: 1 na 2, 3 na 4. Ya pili: 1 na 3, 2 na 4. Ya tatu: 1 na 4, 2 na 3. Wikendi tatu zinatosha bila mtu kucheza mara mbili ndani ya siku sita.

Raundi ya mwisho mechi zote mbili zianze saa ileile, hata kama ni lazima kuazima uwanja wa shule ya jirani. Timu inayoanza baadaye huwa inajua tayari inahitaji mabao mangapi, na hapo ndipo maneno ya "wamepanga matokeo" yanapozaliwa, hata pale ambapo hakuna aliyepanga. Ikishindikana kabisa kupata uwanja wa pili, tangulizeni mechi ambayo haiwezi tena kuamua bingwa.

Mkipata timu ya tano, ongezeni namba 6 iwe "mapumziko". Andikeni 1, 2, 3 juu na 6, 5, 4 chini yake, wanaotazamana wanacheza. Namba 1 haihami. Zilizobaki zisogezeni hatua moja kwa kuzunguka, wikendi baada ya wikendi. Baada ya raundi tano mechi zote 10 zimekwisha.

Kila mwaka ugomvi ni mamluki. Timu inaleta wachezaji kutoka mjini, sisi tunakata rufaa, kamati inakaa kimya. Je, zamani haya yalikuwepo? – Mwalimu wa michezo, Makambako

Yalikuwepo, na mengine yalikuwa machafu kuliko hayo. Lipton alipotoa kombe lake 1905 aliweka sharti kwamba wachezaji wawe wazaliwa wa nchi husika tu, kwa sababu timu za huko zilikuwa zimejaa Waingereza wa reli na benki. Sharti liliandikwa kabla ya mechi ya kwanza, na kila upande ulilijua.

Mwaka 1916 likatokea jambo linalouma kulisoma hata leo. Uruguay ilipoifunga Chile 4–0, mabao mawili yalikuwa ya Isabelino Gradín, kijana mweusi wa Montevideo, na kwenye kiungo alikuwepo mweusi mwingine, Juan Delgado. Chile ilitaka matokeo yafutwe kwa hoja kwamba Uruguay imechezesha "Waafrika" wawili. Wote wawili walikuwa raia wa Uruguay, vizazi vya watu waliopelekwa kule kwa utumwa. Hiyo haikuwa rufaa ya mamluki, ilikuwa ubaguzi uliovaa koti la kanuni. Matokeo yalibaki palepale, na Gradín akamaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 3. Alikuwa pia bingwa wa mbio za mita 200 na 400 wa Amerika ya Kusini, ndiyo maana mabeki wa Chile hawakumwona ila mgongo.

Upande mwingine kuna kisa cha José Laguna. Tarehe 10 Julai Argentina ilijikuta na upungufu kwa sababu Alberto Ohaco hakufika. Laguna alikuja kutazama mpira kama watu wengine. Akaitwa kutoka jukwaani, akavalishwa jezi, akaifungia Argentina bao lake pekee dhidi ya Brazil. Wenzetu wanakisimulia kwa furaha, na kweli kinafurahisha, lakini kwenye kombe la kata mtu akiingia namna hiyo mechi haifiki mwisho.

Sasa fanyeni hivi. Kila timu iwasilishe majina 20, si zaidi, siku saba kabla ya mechi ya kwanza. Kila jina liwe na picha ya pasipoti, na namba ya kitambulisho cha NIDA au barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri. Kwa wasiofikisha umri wa kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ukaazi utajwe kwa tarehe, kwa mfano "anaishi kijijini tangu Januari 1 mwaka huu". Neno "mzawa" lisitumike peke yake: yupo aliyezaliwa Uyole akakulia Makambako, na yupo aliyezaliwa Makambako ambaye harudi ila Krismasi, na wote wawili watadai ni wazawa.

Orodha zote zibandikwe ofisi ya kata kwa siku tatu. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu pingamizi la mchezaji hutolewa humo ndani ya siku hizo tatu, kabla hajagusa mpira. Rufaa baada ya mechi ibaki kwa jambo moja tu: aliyecheza hakuwa kwenye orodha. Iandikwe, iletwe ndani ya saa 24 pamoja na ada, na ada irudishwe rufaa ikikubaliwa. Kamati ijibu kwa maandishi kabla ya raundi inayofuata. Siku ya mechi kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, ashike orodha yenye picha na awakague wachezaji wakiwa wamepanga mstari, jezi zikiwa zimevaliwa, si chumbani.

Uwanja wetu hauna uzio. Kila mechi kubwa watu wanaingia hadi ndani ya mistari. – Mwenyekiti wa vijana, Mbalizi

Hilo ndilo lililowaangusha wa 1916. Tarehe 16 Julai, kwenye uwanja wa Gimnasia y Esgrima mtaa wa Palermo, watu waliingizwa kuliko uwezo wa uwanja. Walijaa mpaka ndani ya eneo la kuchezea, na mechi ikasimamishwa baada ya dakika 5 tu. Waliokwisha kulipa wakakasirika, na majukwaa ya mbao yakachomwa moto. Siku iliyofuata mechi ilichezwa upya kwenye uwanja wa Racing, Avellaneda. Walikuwa na uwanja wa pili; nyie hamna, kwa hiyo jipangeni kwenye huu mmoja.

Tuchukue uwanja wa mita 100 kwa 64. Kamba ipite mita 3 nje ya mistari ya pembeni na mita 6 nyuma ya magoli, maana nyuma ya goli ndiko mipira mikali inakokwenda na ndiko watu hupenda kusongamana. Mzunguko wake ni mita 112 na 70, mara mbili, yaani mita 364. Nguzo za mlingoti ziwekwe kila baada ya mita 4, kwa hiyo nguzo 91. Kila nguzo iwe na urefu wa mita 1.5, izikwe sentimita 50 ardhini, na kamba ifungwe kimo cha sentimita 90. Kila nguzo hula karibu sentimita 30 za kamba ya kuzungusha, kwa hiyo nunueni mita 400. Kamba ikikosa kuzungushwa kwenye nguzo na kupitishwa juu tu kwenye msumari, mtu mmoja akiiegemea upande mzima unalala.

Kuhusu idadi: mstari wa mbele huchukua watu wawili kwa kila mita. Kwenye uwanja tambarare safu ya nne haioni kitu, na asiyeona husukuma. Hesabuni safu tatu tu: 364 mara 2 mara 3, ni watu 2,184. Kama mnakata tiketi, chapisheni 2,000 na mfunge geti zikiisha. Palipo na mteremko wa asili upande mmoja, kama viwanja vingi vya huku, safu zinaweza kuongezeka upande huo peke yake. Walinzi wawe ndani ya kamba, wakitazama watu, migongo kwa mpira. Mlinzi anayetazama mpira ni mtazamaji mwingine aliyeingia bure.

Mistari chorweni kwa chokaa iliyokwishazimwa kwa maji na kupoa. Chokaa hai ikikutana na jasho au jicho la golikipa aliyelala chini, inaunguza.

Timu mbili zikilingana pointi tufuate nini? – Msomaji wa Njombe

Kamati ya 1916 ingepata kazi hapa. Uruguay ilifunga 6, ikafungwa 1. Argentina ilifunga 7, ikafungwa 2. Tofauti ya mabao kwa zote mbili ni 5. Kama pointi nazo zingelingana, anayehesabu mabao ya kufunga angeipa Argentina kombe, na anayegawanya ya kufunga kwa ya kufungwa, kama Waingereza walivyofanya kwenye ligi yao wakati huo, angeipa Uruguay, 6 dhidi ya 3.5. Mabao yaleyale, mabingwa wawili. Ndiyo maana njia huandikwa kabla mpira haujapigwa.

Wenyewe walitumia mechi ya marudiano. Mwaka 1919 mjini Rio de Janeiro, Brazil na Uruguay zililingana, zikarudiana Mei 29, na mechi ikaenda dakika 150: dakika 90, nyongeza ya 30, na nyongeza nyingine ya 30. Friedenreich alifunga dakika ya 122. Mwaka 1922 zikalingana tatu, Brazil, Paraguay na Uruguay. Uruguay ikajitoa kwa kulalamikia waamuzi, Brazil ikaifunga Paraguay 3–0.

Kwa kombe la kijiji marudiano ni mzigo. Fuateni: pointi; matokeo ya walipokutana wenyewe; tofauti ya mabao; mabao ya kufunga; kisha mikwaju ya penalti moja kwa moja. Tunatanguliza walipokutana kwa sababu timu iliyokwisha kata tamaa huja na watu tisa siku ya mwisho, ikafungwa 9, na hizo 9 zisiamue kombe. Zikilingana tatu, tengenezeni msimamo mdogo wa hizo tatu pekee.

Na angalieni jua. Julai huku linazama kama saa 12:35 jioni. Mechi ya saa 10 kamili huisha saa 11:50. Mkiongeza dakika 30 na penalti mnapiga gizani. Siku yenye uwezekano huo anzeni saa 9.

Mpira wenyewe ulichezwaje wakati huo? – Msomaji wa Chunya

Kanuni ya kuotea ndiyo tofauti kubwa. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli, si wawili. Beki mmoja akipanda hatua chache tu, mstari mzima wa mbele umeotea, na mwenzake amebaki nyuma kama bima. Kwa hiyo mabeki wawili waliwatosha washambuliaji watano. Mwaka 1916 uliweza kuotea hata kwa mpira wa kurusha (hilo lilifutwa 1920), na kona iliyoingia moja kwa moja haikuwa bao hadi 1924. Waamuzi walitoka miongoni mwa majirani: Argentina na Chile walichezeshwa na Sidney Pullen, ambaye alikuwa mchezaji wa Brazil kwenye mashindano hayohayo. Nyie msifanye hivyo. Ombeni refa kutoka kata isiyoshiriki, na nauli yake ilipwe na kamati, si timu.

Mipira tuliyoijaza Dar es Salaam ilifika huku migumu kupita kiasi. Ya 1916 nayo ilikuwa hivyo? – Kocha, Mafinga

Ile ilikuwa na shida nyingine. Ilikuwa ya vipande vya ngozi, na bladda ya mpira ndani. Bladda ilijazwa, shingo yake ikafungwa kwa uzi na kusukumiwa ndani, kisha tundu likakazwa kwa kamba. Aliyeupiga kichwa upande wa kamba alijuta. Sheria ilitaka uzito wa gramu 368 hadi 425 mwanzo wa mechi tu, na ngozi ikinywa maji uzito ulipanda. Mpira usio na kamba ulibuniwa Bell Ville, Argentina, mwaka 1931.

Wenu umekuwa mgumu kwa sababu ya mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa inakandamiza kwa takriban asilimia 82 ya ile ya pwani. Kwenu Mafinga ni juu zaidi, kwa hiyo hewa inakandamiza kidogo zaidi ya hapo. Mpira uliosoma baa 0.9 kwenye kipimo cha upepo Dar husoma karibu 1.1 ukifika Mbeya, na kanuni inaruhusu 0.6 hadi 1.1. Asubuhi ya baridi unashuka tena: kutoka nyuzi 30 hadi 10 unapoteza kama 0.12. Kwa hiyo jazeni uwanjani, saa moja kabla ya mechi, kwa 0.7 au 0.8. Sindano ilowesheni kwanza, maana kavu huchana vali. Kama hamna kipimo, udondosheni kutoka mita 2 kwenye sakafu ya saruji; ukiruka mita 1.35 hadi 1.5 unafaa, na mpira wa akiba ujazwe siku hiyohiyo kwa kipimo hichohicho.